Hawakuzikataa Picha Zako za Ziwani

Mapendo mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anafunga mzigo wako wa Salima kwa mara ya tatu leo. Amekwisha kukuambia habari za dawa ya kichocho, za chandarua, za kutokaa karibu na mlango wa minibasi, na za kutomwamini kijana yeyote anayeogelea vizuri kupita kiasi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekuja studio, nimefunga mlango ingawa jua bado liko juu, na nimekaa kwenye kiti kile ambacho wateja wangu hukalia nikiwaambia wainue kidevu na wasicheke. Kumbe ni kiti kibaya, kinaumiza kiuno. Watu wamenivumilia miaka yote hii na hakuna aliyesema.

Ninaandika kwa sababu kila nikitaka kulisema jambo hili mdomo wangu unapotea njia. Wiki hii nimekuita pembeni mara tatu. Mara ya kwanza nikakuuliza kama betri za kamera zimejaa. Mara ya pili nikakuuliza tena kama betri zimejaa. Mara ya tatu ulinitazama ukasema, "Papa, batri zimejaa tangu juzi. We uko na nini?" Nikakujibu kwamba sina kitu.

Nina kitu. Mwaka jana hukukataliwa. Madamu Chikondi, mwalimu wako wa Area 47 kule Lilongwe, alipiga simu kwenye namba yangu, kwa sababu ndiyo uliyoiandika kwenye fomu, akasema wamezipenda picha zako na wanataka uanze kazi ya kupiga picha za samaki Ziwa Malawi, Salima, mwezi uliofuata. Mimi nikamjibu kwamba umebadilisha nia. Kisha nikarudi nyumbani nikakuambia hawakukuchukua.

Sasa unajua. Ukitaka kuacha kusoma hapa una haki. Lakini nakuomba uendelee, kwa sababu kuna sehemu inayohusu picha zenyewe, na usipoijua utaingia majini Salima ukifanya kazi kwa kufuata uongo wangu.

Nianzie Uvira, maana ubishi wangu ulianzia huko. Unajua kwamba nilipokuwa na umri wako nilizamia samaki hai kwa patron mmoja, bosi wangu, aliyewapeleka Bujumbura ili wapande ndege kwenda kwa watu wanaofuga samaki sebuleni. Nimekusimulia sana, tena kwa kujisifu. Kuna kipande ambacho sijawahi kukusimulia.

Katika ziwa letu la Tanganyika kuna samaki wadogo, hawazidi kidole, wanaokaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Kila mmoja na kombe lake, mchangani. Ukimtisha anaingia ndani, ukitulia anatoa kichwa kukuchungulia. Patron alikuwa na kamera iliyofungwa ndani ya boksi la plastiki lisilopitisha maji, na alinifundisha kuitumia kwa sababu mimi nilikuwa na pumzi ndefu. Akataka picha ya samaki hao wote pamoja, kila mmoja mbele ya nyumba yake, jua likiwapiga. Shida ni kwamba makombe yalikuwa kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Basi nikayaokota. Kombe moja moja, nikalitikisa mpaka mwenyewe atoke, nikalibeba hatua kama sita hivi hadi penye mwanga, nikayapanga vizuri kama vikombe vya chai mbele ya wageni.

Wale samaki hawakuyafuata. Walirudi palepale pa zamani, kila mmoja juu ya kishimo chake mchangani, wakasimama hapo. Hatua sita tu, na hawakuyaona. Ikabidi niwakamate kwa kiwavu mmoja mmoja niwapeleke kwenye makombe, na walipokuwa wamepigwa na bumbuwazi bado hawajakimbia nikapiga picha. Ilitoka nzuri mno. Patron aliikuza akaitundika ofisini, na kila mgeni alipoisifu alinionyesha mimi kwa kidole. Nilipozamia tena siku iliyofuata makombe yalikuwa pale penye mwanga, matupu. Sijui waliliwa au walitawanyika. Nilisikitika kidogo, kisha nikapanda juu nikala ugali wangu.

Najua unapenda kunitafutia mafumbo. Usiseme hii ni habari ya ukimbizi. Ni habari ya samaki, na ya kijana aliyesifiwa kwa picha ya uongo akadhani hiyo ndiyo kazi. Nilipofika hapa kambini Dzaleka, Malawi, na wewe mgongoni mwa mama yako, nikafungua studio, niliendelea vilevile. Watu wanaingia na sura zao, mimi nawasogeza. Kichwa kushoto, bega chini, usilie mama, picha hii ni ya kwenye karatasi za ukimbizi. Wanatoka na sura niliyowapa mimi.

Wewe hukufundishwa na mimi, na hilo liliniuma. Ulikuwa na miaka kumi na saba kwaya ya kanisa ilipokwenda Senga Bay, ufukweni Salima, kwa yale maombi ya vijana. Madamu Chikondi alikuwa majini na wenzake, wanahesabu samaki wa kwenye mawe, akakuazima miwani ya maji na mrija wa kupumulia ili apumzike dakika tano. Kiongozi wa kwaya alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuita mpaka sauti ikamkauka, gari zima linakungoja. Ulifika nyumbani mgongo umebabuka kwa jua na alama ya miwani imekuzunguka uso, ukaanza kusema kabla hujavua viatu. Samaki wa buluu wenye mistari myeusi. Samaki anayelima majani yake juu ya jiwe na kumfukuza kila mpita njia. Mama mtu anayebeba watoto wake mdomoni na hali chakula mpaka wakue. Nami nikakukatiza nikasema wa Tanganyika ni wazuri zaidi. Ule ulikuwa wivu, mwanangu, nimekaa nao kwa miaka na sasa naweza kuutaja.

Baadaye ukaanza kwenda Lilongwe Jumamosi kwa Jumamosi, kila mara na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, kujifunza kupiga picha majini kwa yule mama. Nyumbani ukawa unatumbukiza uso kwenye beseni la kufulia ili kuzoea mrija. Mama yako akilia, "Mapendo, utafia mu beseni! Bantu batasema nini, mutoto alikufa mu maji ya sabuni?" Nilikuwa nacheka nyuma ya pazia. Ulikuwa na furaha ambayo mimi sikukupa, na nilicheka, lakini haikunipendeza sana.

Ukaja studio na zile picha ishirini ili nikuchapie uzipeleke kwenye maombi ya kazi. Nazikumbuka zote. Moja ilikuwa mkia tu unaingia kwenye ufa wa jiwe. Moja ilikuwa na vumbi la mchanga nusu nzima, na ndani ya vumbi macho mawili. Na ile ya mama mtu, mashavu yamejaa, amejificha nyuma ya jiwe huku wenzake mbele wanakula, unaona wazi ana njaa. Mimi nikauliza, "Sasa huyu kichwa chake kiko wapi? Na huyu mbona yuko pembeni?"

Ukasema, "Papa, pale njo anaishi. Mi nilikaa tu kando, nikangoja."

"Ulingoja muda gani?"

"Sijue. Mpaka akanisahau."

Nilichapa zote ishirini nikiwa nimekunja mdomo. Nilijua kuna kitu ndani yake, maana nilipozianika kwenye kamba wateja waliacha kujitazama kwenye kioo wakazitazama hizo. Mzee mmoja wa Fizi alisimama mbele ya ile ya mama mtu, akasema polepole, "Huyu anachunga." Sikukuambia hilo. Nakuambia sasa.

Simu ilinikuta Dowa Boma, nimekwenda kununua karatasi za kuchapia. Madamu Chikondi alianza kwa Kiingereza, akachanganya na Kichewa chake cha heshima, bambo, yaani baba, hivi, bambo vile. Alisema utakaa Salima mwaka mzima, utaruhusiwa kuja nyumbani kila baada ya miezi michache, na karatasi za ruhusa watashughulikia wao. Mimi kichwani sikusikia habari za samaki hata moja. Nilisikia "mwaka mzima" na nikaona ubao wa matangazo.

Unajua jinsi tunavyoishi na ubao ule. Mtu anaamka, ananawa, anakwenda kutazama kama jina lake limetoka, aitwe kuhamia nchi nyingine. Miaka hii yote tangu dosie yetu, faili la familia, ifunguliwe nimekuwa nikiutazama kabla ya kufungua studio. Na mwaka jana huohuo jirani yetu wa kule kwenye bomba aliitwa yeye pamoja na familia yake, wakati kijana wake mkubwa yuko Nathenje anauza nguo. Walipompata wamechelewa siku moja. Hakuna aliyewafukuza, waliambiwa tu wangoje kuitwa tena, na mpaka leo wanangoja. Mimi nilimwona yule baba amekaa nje ya mlango wake viatu vya safari mguuni. Basi nilipokuwa na simu sikioni niliona sisi tumeitwa, watu watano kwenye kadi ya familia, na wanne tu ndio wamesimama. Nikasema, "Zikomo, asante madamu, lakini binti amebadilisha nia." Ilikuwa rahisi. Sentensi moja, nikaendelea kuchagua karatasi.

Salima ni mwendo wa nusu siku. Ungeweza kurudi. Hilo mama yako alinionyesha kwa maneno manne, mimi sikuliona kwa mwaka mzima. Aliyekaa kambini muda mrefu hupima umbali kwa hofu, na mimi nilikuwa nimekwisha kufika hapo bila kujijua.

Lakini simu ile sio kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa lilitokea jioni yake. Ulikuwa unapepeta mchele nyumbani, ukaniona, ukasimama. Nikasema hawakukuchukua. Ukauliza sababu. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikajifanya fundi, nikasema, "Walisema picha haziko wazi. Samaki hawaonekani vizuri."

Ukauliza, "Zote?"

Nikasema, "Zote."

Neno hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Ukakaa, ukaendelea kupepeta. Mwezi mzima hukuigusa kamera. Wadogo zako wakakuuliza habari za samaki wa buluu ukawaambia wakalale. Kisha siku moja ukaja hapa studio, ukasimama palepale wanaposimama wateja, ukaniambia, "Papa, basi nifundishe."

Mwanangu, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nikakufundisha ujanja wote wa Uvira. Chukua donge la nsima, ugali wa huku, mkononi, wamwagie, watakuja wenyewe katikati. Mwenye aibu msukume kwa kiganja mpaka penye jua. Jiwe linalokuzuia ligeuze. Na mama mtu aliyebeba watoto mdomoni, mshike taratibu, mbonyeze taya kwa kidole gumba, atawatema wote mbele ya kamera. Nilikuonyesha kwa kutumia limau. Uliandika kwenye daftari. Sikukuuliza kwa nini ulikuwa unaandika bila kunitazama.

Ukaenda Senga Bay kwa siku tatu, ukarudi na picha nilizozitaka mimi. Samaki mzima, katikati, jua mgongoni. Na ile kubwa, mama mtu mdomo wazi na watoto wametapakaa mbele yake kama punje za mtama. Nilipiga makofi. Nikasema hii sasa ni picha. Wewe hukucheka. Ulisema, "Hakubarudisha bote, Papa. Bengine balikuliwa na zile kubwa, mbele yangu. Yeye alikuwa anakimbia huku na huku anabaokota."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Ningeweza hata kukusimulia yale makombe yangu. Nikasema, "Ndivyo kazi ilivyo."

Picha hizo ndizo ulizopeleka mwaka huu, na ukachukuliwa, na ukaniambia asante, Papa, ulinifundisha. Uliniletea soda. Sikuwahi kunywa soda chungu kama ile, na niliimaliza kwa sababu ulikuwa umesimama unanitazama. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitembea mwaka na zaidi, labda kwa sababu nilikuwa nazunguka palepale.

Wiki iliyopita nilimpigia Madamu Chikondi kuuliza utalala wapi. Akanijibu vizuri, kisha akasema anafurahi kwamba binti amebadilisha nia tena. Akasema, "Bambo, nikuambie ukweli, picha za mwaka huu zilitutia wasiwasi. Wenzangu walitaka kumkataa. Sisi tunapiga picha za mawe yaleyale kila mwezi ili tujue nani bado anaishi pale na nani ameondoka. Hatushiki samaki, hatugeuzi jiwe, hatuwapi chakula. Nikawaambia wakumbuke zile za mwaka jana. Huyu msichana alijua kungoja. Kuna kitu kimempata, lakini alikuwa anajua." Nikasema zikomo, zikomo kwambiri, nikakata simu.

Kilichokupata ni mimi.

Nikamweleza mama yako siku hiyohiyo. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za kwaya. Hakusimamisha mguu. Nilimaliza kusema, yeye bado anashona, nikadhani hakusikia kwa kelele za mashine. Kisha akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Baba Mapendo, mwaka muzima unalala mu hii nyumba na ile kitu?"

"Niliogopa dosie."

"Mutoto si dosie." Akakata uzi kwa meno. "Salima ni nusu siku. Sasa utamwambia lini?"

"Natafuta namna."

"Namna gani? Fungua kinywa. Kama haumwambie mbele apande motokari, mi njo nitamwambia, na mi sitasema muzuri vile we utasema."

Jana nikampigia Madamu tena, nikamwambia kwamba ile nia haikuwa yako, ilikuwa yangu. Akauliza, "Mwenyewe anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Sasa mbona unaanza na mimi?" Ndiyo maana nimekaa kwenye kiti hiki.

Sitaki kukuhubiria. Nikikuhubiria sasa utakuwa na haki ya kunitupia beseni. Ninachotaka ujue kuhusu kazi yako ni kidogo. Hukuwahi kuwa na kosa katika zile ishirini. Mkia kwenye ufa ulikuwa sahihi. Vumbi lilikuwa sahihi. Ulipokaa kando ukangoja mpaka samaki akakusahau, ulikuwa umejua jambo ambalo mimi, na kamera yangu ya umri mrefu kuliko wako, sikulijua. Nilikupokonya nikakupa langu bovu. Ukifika kule, yote niliyokufundisha kwa limau yaache. Yapasue kwenye daftari hata leo. Yale ya kwako hayakutoka kwangu, kwa hiyo sina uwezo wa kukurudishia, lakini nadhani bado yapo. Ule uso wako ulipokuwa unasema habari za wale waliokuwa wanaliwa haukuwa uso wa mtu aliyesahau.

Na kama itakutokea siku moja umefanya vibaya majini, maana utafanya, usikae nalo. Kunyamaza kwangu mbele yako siku ile ulipoleta picha zile kulikuwa kubaya kuliko yote niliyoyafanya Uvira. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka karibu nimkose hata niliyemzaa.

Limebaki jambo moja, nalo ni jipya, mama yako ndiye peke yake anayelijua.

Alhamisi nilikwenda ubaoni kama kawaida, na jina letu lilikuwapo. Usiruke. Si safari. Ni kuhakiki familia tu, wanataka kujua nani bado yupo na nani kwenye kadi amekua. Nikaingia ofisini kuuliza siku, na dada aliyekuwa mezani alipitisha kidole kwenye majina yetu akafika kwako. Akasema, "Huyu sasa ni mtu mzima. Anabaki kwenye dosie yako, au anataka kufungua yake?" Akaeleza kwamba ukibaki, tukiitwa kwenda popote utaitwa pamoja nasi, na kazi yako ya ziwani itakatika hapo itakapokuwa imefika. Ukifungua yako, utakuwa mwenyewe. Sisi tunaweza kuondoka wewe ukabaki, au wewe ukaondoka sisi tukabaki, au sote tukazeeka hapahapa tunatazama ubao.

Nilifungua mdomo kumjibu. Jibu lilikuwa tayari, Mapendo, lilikuwa limekaa ulimini kama lile la Dowa Boma. Anabaki. Watu watano. Nikasikia sauti yangu inaanza, "Binti yangu ana..." nikaishia hapo. Yule dada akangoja kalamu mkononi. Nikamwambia sijui. Akashangaa kidogo, baba hajui. Nikamwambia sijawahi kumuuliza.

Amenipa mpaka Jumatatu.

Tangu Alhamisi nimejaribiwa kukuficha hili pia. Nilijiambia aende kwanza kwa amani, akazoee maji, nitamwambia akija kutembea. Nilijiambia ni kwa wema wako. Kisha nikaona kwamba na mwaka jana nilijiambia vivyohivyo.

Sitakuambia ninachotaka mimi, ingawa unanijua na utakisia. Nikikiandika hapa kitakuwa kidole changu gumba kwenye taya lako. Ukisema unabaki na sisi, nitakwenda Jumatatu niseme anabaki. Ukisema unafungua yako, nitakwenda na wewe kwa mguu mpaka mlangoni siku utakayorudi kuweka sahihi, na nitakupiga picha ya kwenye karatasi mwenyewe, na unaweza kucheka. Ukisema hujui, nitakwenda niseme hajui, anafikiri. Hakuna jibu kati ya hayo litakalonifanya nisiwe baba yako. Hata ukisema hutaki kuzungumza nami kwa muda, hilo nalo nitalipokea, japo litaniuma na sitajifanya haliniumi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi lako chini ya chandarua, uikute Salima. Mama yako ameniuliza kama nataka usome peke yako kati ya watu usiowajua huku mimi nimekaa huku salama. Amesema kweli. Kwa hiyo nafunga studio, naja nyumbani sasa hivi, na nitakupa mkononi. Nitakaa mbele yako ukisoma. Sitakuambia uinue kidevu. Nitakaa tu, ningoje, kwa muda wowote utakaohitaji, halafu nitakuuliza kwa mdomo wangu:

Mapendo, wewe unataka nini?

Baba yako